Hataza Iliyosomwa Mazishini

Nianze kwa kukiri kwamba mimi si mvumilivu. Nimefanya kazi ya maabara miaka mingi, na watu hudhani kazi hiyo humfunza mtu subira, kwa kuwa kutwa unaketi ukingoja kitu kibadilike rangi. Mimi imenifunza kukasirika kimyakimya. Kilichonikasirisha kuliko vyote ni damu iliyokuwa ikinijia Migori kutoka zahanati za upande wa Kehancha. Ilitolewa vizuri, chupa ikaandikwa jina vizuri, kisha ikafungwa nyuma ya bodaboda pamoja na magunia na pengine kuku wawili, ikapigwa na mashimo na jua hadi ikanifikia haipimiki. Naandika "sampuli imeharibika," na mama aliyeamka alfajiri kumpeleka mtoto wake zahanati anaambiwa arudi wiki ijayo mtoto atobolewe tena. Mama huyo hanijui, lakini nina hakika amenitukana mara nyingi.

Nilipoingia chuo kimoja cha Homa Bay kusomea shahada ya pili, niliigeuza hasira hiyo kuwa utafiti. Nikabuni kibebeo cha damu. Kwa nje ni kikapu cha waya kilichovikwa gunia. Ndani ya kikapu kuna chungu, na kati ya gunia na chungu kuna mchanga uliolowa maji. Maji yanapokauka yanaondoka na joto. Ndani ya chungu, chupa za damu zinalala kwenye kitanda kidogo kinachoning'inia kwa mikanda ya mpira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu za baiskeli. Ujuzi wote umo kwenye mikanda hiyo: upana wake, idadi yake, na jinsi inavyopishana ili barabara iruke lakini damu isijue. Nilikata tyubu hadi mafundi wa baiskeli wa Homa Bay wakawa wakiniona wanaficha zao.

Chuo kilifurahi, kikasema tuombe hataza, yaani ile hati inayosema jambo hili umelibuni wewe, na mwingine asilitengeneze bila ruhusa yako. Kulikuwa na kampuni ya ng'ambo iliyokuwa tayari kutengeneza vibebeo kwa wingi, na vya kwanza vingeletwa kwenye zahanati zetu. Sharti lao lilikuwa moja: hataza ipatikane huko kwao pia. Nilikitaka kitu hicho kuliko nilivyowahi kutaka kuolewa, na mume wangu analijua hilo.

Mwenye kushughulikia mambo hayo chuoni alikuwa kijana mmoja nadhifu tuliyemwita afisa wa hataza. Alinipa onyo moja tu. Kabla ombi halijapelekwa, nisiuambie umma. Nisichapishe, nisihutubie, nisimwonyeshe mtu, kwa sababu jambo likishajulikana na umma si jipya tena, na kisicho kipya hakipewi hataza. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mimi hata mume wangu simwambii kitu.

Wiki hiyohiyo nyanya yangu akafariki.

Alikuwa amekula chumvi nyingi, na msiba wake ulikuwa mkubwa wenye shangwe, huko kwetu si mbali na Asumbi. Kwa wasiojua mazishi ya kwetu, kuna kipindi ambacho wajukuu waliosoma husimamishwa mstari mmoja mbele ya jeneza, na mtu wa familia hutangaza kila mmoja amefika wapi na anafanya nini. Siku hiyo shahada si zako, ni za marehemu. Kadiri kazi yako inavyoelezwa kwa kirefu ndivyo aliyelala pale anavyozidi kuwa mkubwa. Mjukuu ambaye kazi yake inaelezwa kwa neno moja anakuwa amemwibia nyanya yake.

Mtangazaji wetu alikuwa baba mdogo, mdogo wake baba yangu, mwalimu mstaafu wa sayansi katika shule ya msingi. Yeye ndiye aliyenilea wakati baba yangu alipokuwa kazini mbali, na yeye ndiye aliyenifundisha kwamba swali si utovu wa adabu. Siku moja kabla ya mazishi alinikuta jikoni nikikoroga sufuria ya ugali wa waombolezaji, jasho likinitoka hadi kwenye viatu.

"Nyathina," akasema, mwanangu, "nipe habari za kazi yako. Sitaki kusema tu 'anafanya kazi hospitali.' Hiyo kila mtu anasema."

"Baba, karatasi ziko kwenye mkoba wangu. Chukua tu unayotaka."

Nilimaanisha ile karatasi moja yenye wasifu wangu. Yeye alichukua zote. Miongoni mwazo mlikuwa na rasimu ya ombi la hataza, maelezo na michoro, hadi vipimo vya mikanda.

Kesho yake baba mdogo alisimama na kipaza sauti. Binamu zangu aliwamaliza haraka: mhasibu, nesi, askari, mwalimu. Kisha akafika kwangu, akavaa miwani, akafunua karatasi kubwa ya manila aliyokuwa amechora kwa kalamu za rangi. Akaeleza kibebeo changu kuanzia gunia hadi kizibo cha chupa. Alieleza kwa Dholuo, halafu, kwa kuwa wakwe zangu ni Wakuria wa Kehancha na hakutaka wajione wageni, akarudia yote kwa Kiswahili. Alitaja upana wa mikanda. Aliita vijana wawili wakashika tyubu huku na huku, akaning'iniza glasi ya maji katikati, akawaambia warukeruke. Maji hayakumwagika. Watu wakapiga vigelegele. Yule jamaa wa video, aliyekuwa akirusha mazishi moja kwa moja kwa ndugu zetu walioko ng'ambo, akasogea karibu apate vizuri michoro.

"Kuna swali?" baba mdogo akauliza, kama darasani. Mikono ikainuka.

Nami nilifanya nini? Nililia kwa furaha. Nasema bila aibu kwamba onyo la afisa halikunijia akilini hata chembe. Nilimwona nyanya akikua mbele ya macho yangu mpaka jeneza likawa dogo.

Siku chache baadaye afisa alikuja maabara na fomu za mwisho. Akauliza lile swali lake la kawaida, kalamu tayari iko hewani.

"Hujamwambia mtu yeyote?"

"Hata mtu." Halafu nikakumbuka. "Ila mazishini."

"Mazishini nani alikuwepo?"

"Kata nzima."

"Walitia sahihi ya kutunza siri?"

"Walitia sahihi kitabu cha rambirambi."

Nikamweleza yote, pamoja na glasi na video. Akavua koti. Sijawahi kumwona akivua koti. Akasema hapa Kenya sheria ina huruma kidogo, ukifichua siri yako mwenyewe unapewa mwaka mmoja wa kupeleka ombi lako. Nchi za ile kampuni hazina huruma hiyo. Huko ukishasema umesema, hata ukisema ukiwa unazika.

Kisha akapata wazo, na tangu siku hiyo nimejifunza kuogopa watu wenye elimu wanapopata wazo. Alisema jambo haliwi la umma kwa kutamkwa tu, ni lazima watu wawe wamelisikia na kulielewa. Video, alisema, tutaomba ifutwe na tutumaini hakuna aliyeitazama, kwa sababu nani hutazama mazishi hadi kwenye hotuba? Tukipata viapo vya waliohudhuria kwamba hawakusikia lolote la maana, tutakuwa na pa kushika.

"Sitaki mtu aseme uongo, Madam," akasisitiza. "Nataka tu wale ambao kwa kweli hawakusikia."

Nikaona ni kazi rahisi. Katika mazishi yote niliyohudhuria, watu huanza kusinzia kwenye hotuba ya tatu. Tukachapisha fomu: Mimi fulani nilikuwepo, nilisikia sauti ya mtu akizungumza, sikuelewa alichokuwa akisema. Tukaenda nyumbani na rundo zima.

Tulianza na mwenye vyombo vya muziki, ambaye duka lake liko sokoni Rangwe. Afisa alimweleza kwa upole kwamba tunaomba athibitishe kuwa spika zilikuwa na kasoro siku ile.

"Spika gani?" akauliza.

"Zako."

"Hizi?" Akaziwasha. Soko zima likageuka. Akapaza sauti juu ya muziki: "Omera, ndugu yangu, hizi zilisikika mpaka Asumbi! Mimi nisaini kwamba ziliharibika, halafu nani ataniita kwa mazishi tena? Wewe?"

Tukaondoka. Kiongozi wa kwaya alisema kwaya yake ilikuwa imeketi hatua tatu kutoka kwa msemaji, na kwaya yake hailali. Tukaenda mpaka Kehancha kwa wakwe zangu, tukidhani lugha itatusaidia. Baba mkwe alisoma fomu mara mbili, akaniuliza taratibu kama nimekuja kumwambia kwamba Wakuria hawajui Kiswahili. Nilipiga magoti kuomba radhi. Ilibidi turudi siku nyingine na sukari.

Walitusaidia wawili. Mmoja alisaini harakaharaka, akaapa hakusikia neno, kisha akauliza mazishi yenyewe yalikuwa ya nani. Wa pili alikuwa shemeji wa mbali ambaye kwa muda wote alikuwa kwenye hema la chakula, na alijivunia jambo hilo.

Kisha akatokea mama wa mayai. Huyu ni mfanyabiashara anayenunua mayai Rongo na kuyapeleka Mbita, na alikuwa rafiki wa nyanya. Hatukumtafuta. Alisikia tuko kwenye kituo cha magari tukiuliza habari za ile hotuba, akaja mwenyewe na bodaboda yake, uso umejaa shukrani. Nyuma ya pikipiki palikuwa na kikapu cha waya kilichovikwa gunia. Alifungua kifuniko. Trei za mayai zilikuwa zinaning'inia kwa mikanda ya tyubu, imepishana vilevile.

"Ile kitu Japuonj alisema kwa mazishi," akaniambia, akimtaja baba mdogo kwa jina lake la ualimu. "Nilishika yote kwa kichwa. Ile upana alisema ya vidole viwili, mimi naona ya mayai heri tatu."

Nilimtazama afisa. Alipaswa kugeuka aende zake kama mtu asiyeona. Badala yake aliinama, akavuta mkanda mmoja kwa kidole, akauachia.

"Hayavunjiki?"

"Hata moja. Wiki tatu sasa."

Afisa akaketi kwenye gogo. Alinieleza baadaye kwamba sheria inauliza kama mtu wa kawaida anaweza kukitengeneza kitu kwa kusikia maelezo tu, na kwamba katika kazi yake yote hajawahi kuona jibu likija na bodaboda. Mimi nilinunua trei moja ya mayai kwa sababu sikujua la kufanya.

Nilikuwa nimemficha baba mdogo habari hizi. Sikutaka ajue kwamba hotuba yake nzuri kuliko zote ndiyo iliyoniharibia kazi. Lakini huwezi kuzunguka kata na fomu ukiuliza watu kama walimsikia mtu, halafu mtu huyo asisikie. Alinipigia simu.

"Nyathina, kwa nini hukuniambia?"

"Baba, si kosa lako. Ni mimi niliyekwambia uchukue karatasi."

Akaniuliza fomu zinasemaje. Kisha akasema anakuja mjini kusaini, kwa sababu yeye ndiye shahidi aliye bora. Wakiapa wasikilizaji, mtu anaweza kusema walikuwa wamelala. Lakini msemaji mwenyewe akiapa kwamba hakuelewa alichokuwa akisema, kwamba alisoma tu maneno yakiwa yamechanganyika kichwani kwa uzee na msiba, nani tena atasema watu walifundishwa kitu? Afisa aliona hoja hiyo ni ya ajabu kwa uzuri. Nami, Mungu anisamehe, nilikubali. Nilikuwa nimeanza kuona magari ya kampuni yakishusha vibebeo Kehancha.

Tulikutana kwa wakili mmoja wa Homa Bay anayeshuhudia viapo. Baba mdogo alikuja amevaa suti yake ya kijivu na tai. Wakili alipomwona akasimama wima nyuma ya meza. Alikuwa mwanafunzi wake wa darasa la tano.

"Mwalimu," akasema. "Karibu sana, Mwalimu."

"Keti, keti," baba mdogo akamjibu, naye wakili akaketi kweli.

Afisa alieleza kwamba atauliza maswali machache ili kiapo kionyeshe wazi kiwango cha uelewa wa mzee. Wakili akanitazama, nami nikatazama kalenda ukutani.

"Mwalimu," afisa akaanza, "hiyo mikanda ya mpira kazi yake ni nini?"

"Mapambo," akajibu baba mdogo bila kusita. "Nilidhani ni mapambo."

"Na huo mchanga?"

"Uzito. Ili pikipiki isirukeruke."

"Na maji yaliyomo kwenye mchanga?"

"Hayo ni ya dereva. Akipata kiu."

Afisa alikuwa akiandika kwa kasi, uso umemnawiri. Majibu yalikuwa kamili. Hata mimi nilianza kuamini. Wakili hakuandika kitu.

"Swali lingine. Maji yakikauka, yanaenda wapi?"

Hilo lilikuwa swali la baba mdogo mwenyewe, la darasani. Kila mtu aliyepita mikononi mwake anajua swali hilo. Alikuwa akipita dawati kwa dawati na kikombe cha maji, anakulowesha kiganja, anakwambia upulize, anakuuliza umesikia nini. Unasema baridi. Anakuuliza baridi imetoka wapi, na maji yameenda wapi, na hakuachi mpaka useme yamepanda hewani yakiwa mvuke na yamechukua joto la mkono wako. Kuna jibu moja alilokuwa halikubali kabisa, lililomfanya aanze upya dawati la kwanza. Nilimwona wakili ameukunjua mkono wake juu ya meza, kiganja juu, bila kujijua.

Baba mdogo alikitazama kile kiganja. Kisha akamgeukia afisa.

"Yanakwisha tu," akasema.

Lilikuwa jibu lilelile. Nikavuta ile karatasi kutoka chini ya kalamu ya afisa.

"Basi," nikasema. "Hakuna kiapo. Kila mtu alisikia. Alieleza vizuri kuliko nilivyoandika mimi."

"Madam, tumebakiza maswali machache tu."

"Nimesema basi."

Wakili akavuta pumzi, akafunga muhuri wake ndani ya droo na kuitia ufunguo. Afisa, namsifu kwa hili, hakubisha tena. Alifunga kalamu yake akasema tutapeleka ombi la hapa nyumbani, na la ng'ambo tuliache.

Nilidhani baba mdogo angenishukuru. Tulipofika nje aligeuka na kunifokea pale barabarani, watu wakipita.

"Nilikuwa napita! Swali gani ningekosa? Siku nne nimesoma, nyathina, siku nne! Wewe unakuja kuniharibia mtihani!"

Akatoa kwenye koti daftari la shule lililokunjwa katikati, akalitupa mikononi mwangu, akasema halina kazi tena. Kisha akaenda zake kutafuta gari la Rangwe, tai imemkaa upande. Hakuongea nami mwezi mzima.

Kampuni ilijiondoa kwa barua fupi yenye adabu. Hataza ya hapa nyumbani bado tunaingoja. Vibebeo navitengeneza mwenyewe Jumamosi, vichache, na kila kinachokwenda Kehancha kinanikumbusha zahanati ambazo hazijapata. Sijui kama yule mama wa alfajiri angeniambia nilifanya vizuri. Huenda angenitukana tena, na angekuwa na haki.

Daftari nililifungua jioni ileile nikiwa peke yangu. Baba mdogo alikuwa ameandika maswali kumi kwa mwandiko wake wa ubaoni, na chini ya kila swali jibu la uongo alilokusudia kulikariri: mapambo, uzito, maji ya dereva. Kila jibu alikuwa amelipiga mkasi, ile alama ya kosa, kwa wino mwekundu, yeye mwenyewe, na pembeni ameandika lililo sahihi, kwa herufi ndogo. Chini ya ukurasa alikuwa amejumlisha alama. Alijipa sifuri kwa kumi, akaongeza lile neno alilokuwa akimwandikia mwanafunzi aliyefeli ili asimvunje moyo: umejitahidi.